Redio Katika Pikapu Kuukuu

Msomaji, ukipita leo katika mji wowote wa Kenya, pengine utaiona pikapu ya zamani imeegeshwa mbele ya kibanda cha fundi, milango yake i wazi, na nyaya za rangi mbalimbali zimening'inia chini ya dashibodi. Mwenye gari amechoshwa na redio yake inayokoroma. Ataka nyimbo zilizo katika simu yake zisikike sawasawa, maneno na ala. Fundi naye ni kijana hodari mwenye mikono myepesi. Kazi yaonekana kuwa ndogo: kung'oa cha zamani na kutia kipya. Lakini mara nyingi kazi hii ndogo huzaa hasara kubwa. Fyuzi hukatika, betri huisha usiku, sauti hutoka na mluzi, na mara nyingine gari lenyewe huteketea.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu limo katika historia. Redio haikuzaliwa ndani ya motokaa. Iliingizwa humo kwa nguvu, na motokaa ikaipinga. Wale walioiingiza mara ya kwanza walikutana na vizuizi vitatu: uhaba wa umeme, kelele za injini, na ufinyu wa nafasi. Vizuizi hivyo vilipunguzwa kimoja kimoja kwa muda wa miaka mingi. Lakini pikapu kuukuu imesimama pale pale ilipoachwa na wakati wake, wala haina habari ya yaliyovumbuliwa baadaye. Kwa hiyo kila atakaye kuitia sauti mpya hukutana tena na vizuizi vile vile. Aijuaye historia yake huvitambua mapema. Asiyeijua huvitambua kwa harufu ya moshi.

Natuanze basi Marekani. Mwaka 1928 Paul Galvin na nduguye Joseph walianzisha kiwanda kidogo katika mji wa Chicago. Walitengeneza chombo cha kuziwezesha redio za nyumbani kutumia umeme wa nyumba badala ya betri. Mwaka uliofuata biashara za Marekani zikaanguka, na chombo chao kikapitwa na wakati, maana redio mpya zilikuwa zikitumia umeme wa nyumba bila ya msaada wowote. Galvin akatafuta kitu kingine cha kuuza. Walikuwako watu waliokwisha kutia redio katika motokaa, lakini kila moja iliundwa peke yake kwa gharama kubwa. Galvin akaona kwamba redio ya namna moja, ikiundwa kwa wingi na kuweza kuingia katika motokaa nyingi, itapata wanunuzi. Akisaidiwa na mafundi, miongoni mwao Elmer Wavering na William Lear, akaikamilisha mwaka 1930. Akaitia katika motokaa yake mwenyewe, akasafiri zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Atlantic City, walikokuwa wamekutana wafanya biashara wa redio. Hakuwa na mahali ndani ya maonyesho. Akaegesha nje, akaifungulia redio yake sauti, na wapita njia wakasimama kusikiliza. Maagizo yakaanza kupatikana, na redio hiyo ikapewa jina la Motorola.

Usidhani kwamba ushindi ulikuwa mwepesi. Redio hiyo iliuzwa kwa dola 110 au zaidi, wakati ambapo motokaa mpya iliweza kununuliwa kwa dola 650. Kuifunga kulichukua siku kadha, maana ilibidi dashibodi ifunuliwe na dari ichanwe ili kupitisha waya wa erieli. Tena husimuliwa kwamba Galvin, akitafuta mkopo, aliwaagiza watu wake waifunge redio katika motokaa ya meneja wa benki. Nusu saa baadaye motokaa ile ikashika moto, na mkopo haukutolewa. Kama kisa hiki kimetiwa chumvi au hakikutiwa, mafunzo yake ni ya kweli: tangu siku za kwanza, redio ya motokaa na moto walikuwa majirani.

Sasa tuvitazame vile vizuizi vitatu. Cha kwanza kilikuwa umeme. Redio za siku zile zilifanya kazi kwa valvu, yaani chupa ndogo za kioo zenye nyuzi zilizopashwa moto. Valvu zilihitaji umeme wa volti mia na zaidi, hali betri za motokaa nyingi zilikuwa na volti 6 tu. Mwanzoni ilibidi betri nyingine zifichwe chini ya sakafu, nazo zilikwisha upesi. Baadaye, katika miaka ya 1930, kikaenea chombo tuwezacho kukiita kitetemeshi. Ndani yake kilikuwamo kipande chembamba cha chuma kilichotetemeka zaidi ya mara mia kwa kila sekunde, kikiukata umeme wa betri na kuuunga tena, ili transfoma ipate kuuongeza mpaka kiasi kilichotakiwa. Kilifanya kazi, lakini kilinguruma kama nyuki ndani ya mzinga, tena kilichakaa.

Kizuizi cha pili kilikuwa kelele, wala sisemi kelele za magurudumu. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche za plagi, na kila cheche hutoa mawimbi ya redio. Kumbuka kwamba mitambo ya kwanza ya kupeleka habari bila ya waya ilitumia cheche hizo hizo. Basi injini ni kituo cha redio kisicho na mtangazaji, nacho kiko karibu na erieli kuliko vituo vingine vyote. Ilibidi mafundi watie katika nyaya za plagi vifaa vidogo vya kuzimeza kelele hizo, na kuifunika redio yenyewe kwa bati.

Kizuizi cha tatu kilikuwa nafasi. Mwaka 1932 kampuni ya Blaupunkt ya Ujerumani ilitoa redio ya motokaa iliyoitwa AS 5. Ilikuwa na uzito wa kilo 15, na bei yake ilikuwa karibu thuluthi ya bei ya gari. Haikuweza kukaa mbele ya dereva. Ilibidi ifichwe kwingine, na dereva akaigeuza kwa kifaa kilichofungwa karibu na usukani.

Hapa ndipo pikapu inapoingia katika hadithi yetu. Ford ilianza kuuza pikapu iliyokamilika kutoka kiwandani mwaka 1925, kwa dola 281. Ilikuwa chombo cha kazi: kilibeba mbao, maziwa, mbegu na ndama. Chumba cha dereva kilikuwa chembamba, kiti kimoja kirefu, na ukuta wa bati nyuma ya kisogo. Nani angenunua redio iliyokaribia nusu ya bei ya gari lenyewe ili amwimbie ndama? Ndiyo sababu kwa miaka mingi redio ilikuwa kitu cha motokaa za starehe. Pikapu mpya za Chevrolet zilizotolewa mwaka 1947 ziliandaliwa mahali pa redio katika dashibodi, lakini aliyeitaka aliilipia zaidi. Spika ilikuwa moja tu, na pikapu nyingi za enzi ile ziliuzwa bila ya redio. Betri ilibaki ya volti 6. Pikapu za Chevrolet zilihamia volti 12 mwaka 1955, na za Ford mwaka 1956. Tarehe hizi mbili zishike moyoni, msomaji, maana tutazihitaji.

Mwishoni mwa mwaka 1947 yalitokea mageuzi makubwa. Katika maabara ya Bell, huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain waliunda transista ya kwanza. Pamoja na William Shockley wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Transista ilifanya kazi ya valvu, lakini haikuhitaji kupashwa moto, wala haikuhitaji volti nyingi. Volti 12 za betri ziliitosha. Mwaka 1955 Chrysler na Philco wakatoa redio ya motokaa isiyo na valvu hata moja. Kitetemeshi kikapoteza kazi yake. Redio ikawa ndogo, ikawaka mara moja bila ya kungoja valvu zipate moto, na kwa muda wa miaka michache bei yake ikashuka mpaka mkulima naye akaweza kuinunua.

Kelele nazo zikapata dawa. Katika utangazaji wa zamani, sauti huchukuliwa na kupanda na kushuka kwa nguvu za wimbi, na kila cheche ya plagi huongeza nguvu zake juu yake. Mmarekani Edwin Armstrong alipata hataza mwaka 1933 kwa njia nyingine, ambayo leo twaiita FM: sauti huchukuliwa na mabadiliko ya kasi ya mitikisiko ya wimbi, si nguvu zake. Cheche haziwezi kuiharibu kwa urahisi. Blaupunkt walitoa redio ya motokaa yenye FM mwaka 1952.

Ikabaki tamaa moja: dereva asiingojee redio imchagulie nyimbo. Mwaka 1956 Chrysler walitia katika baadhi ya motokaa zao mashine ya kupigia sahani za santuri. Lakini sahani zilikuwa za namna ya pekee na barabara ina mashimo, na mpango huo haukudumu. Mwaka 1963 Philips wakatoa kaseti. Mwaka 1965 Ford wakaanza kuuza motokaa zenye mashine ya kupigia kanda kubwa za namna nyingine, zilizotengenezwa chini ya uongozi wa William Lear, yule yule aliyemsaidia Galvin miaka 35 kabla yake. Kaseti za Philips ndizo zilizoshinda mwishowe, kwa kuwa zilikuwa ndogo na kila mtu aliweza kuzinasia sauti mwenyewe. Mwaka 1984 ikafuata mashine ya CD kwa motokaa, iliyotolewa na Pioneer. Leo redio mpya nyingi hupokea nyimbo kutoka katika simu bila ya waya wowote.

Na sisi je? Utangazaji ulianza Kenya mwaka 1928. Mwaka 1964, baada ya uhuru, shirika la utangazaji likaitwa Sauti ya Kenya. Kwa miaka mingi redio ya gari hapa kwetu ilitegemea mawimbi ya kati na mafupi, nayo huenda mbali, hasa usiku. Vituo vya watu binafsi vya FM vilianza katika miaka ya 1990. Capital FM ilifunguliwa mwaka 1996. Tangu hapo vijana wengi wamehamia FM, na redio ya zamani isiyo na FM imekuwa kama bawabu aliyebaki mlangoni baada ya wenye nyumba kuhama. Lakini mawimbi ya FM hayapiti juu ya milima kwa wepesi. Ukiteremka Bonde la Ufa utasikia kituo kimoja kikipotea nyuma ya mwamba na kingine kikichukua mahali pake.

Magari yenyewe twayajua. Land Rover ilianza mwaka 1948, na nyingi zilikuwa pikapu. Peugeot 404 ilitokea mwaka 1960, ikashinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na pikapu yake ikapendwa mno. Baadhi ya pikapu zilitiwa paa na mabenchi nyuma, zikachukua abiria, zikawa miongoni mwa matatu za mwanzo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kufanya kazi bila ya leseni ya pekee; na kaseti zilipoenea, muziki ukawa ngoma ya kuita abiria. Hivyo sauti katika gari la kazi ikawa kwetu sehemu ya biashara.

Basi sasa turudi kibandani kwa fundi, tuone historia hii yamfaa nini. Kwanza na aulize: gari hili lilizaliwa mwaka gani, na betri yake ni ya volti ngapi? Pikapu ya Marekani ya kabla ya mwaka 1955 yaweza kuwa ya volti 6, na redio ya leo haitafanya kazi humo. Swali la pili ni la hatari zaidi: ni upande gani wa betri ulioungwa na bodi ya gari? Siku hizi ni upande wa hasi. Lakini magari mengi ya Kiingereza, pamoja na Land Rover za zamani, yaliundwa hata katika miaka ya 1960 yakiwa yameungwa kwa upande wa chanya. Kasha la redio mpya limeungwa na hasi. Likigusa bati la gari la namna hiyo, umeme wote wa betri hupita hapo kwa mara moja. Yaliyompata meneja wa benki yaweza kumpata mwenye Land Rover.

Tatu, na apige hesabu, hesabu ile ile mnayofundishwa darasani: wati ni volti mara ampea. Amplifaya itumiayo wati 300 katika volti 12 hutaka ampea 25. Pikapu ya zamani mara nyingi ina dainamo wala si alteneta, na dainamo nyingi za siku zile zilitoa ampea 20 hivi, tena injini ikizunguka kwa kasi. Gari likisimama katika msongamano, hutoa kidogo mno. Taa kubwa mbili za wati 45 pekee zahitaji zaidi ya ampea 7. Ampea zinazopungua zatoka wapi? Zatoka katika betri, mpaka betri ife. Na waya mwembamba ukipitishwa umeme mwingi kuliko uwezo wake, hupata moto kama uzi wa valvu. Ndiyo maana fyuzi hufungwa karibu kabisa na betri, na fundi mwenye akili hatii msumari mahali pa fyuzi.

Tena kuna siri ambayo wengi hawaijui. Sikio letu halihesabu kama mita. Ili sauti isikike kuwa kubwa maradufu, nguvu zapasa kuongezwa mara kumi hivi. Mtu aliyetoka katika wati 4 za redio yake ya zamani akafika wati 40, amepata sauti mara mbili tu. Akitaka mara nne, atafute wati 400, na dainamo yake haina. Kwa hiyo utaratibu ulio bora ni huu: anza na spika. Spika nzuri, iliyofungwa imara mahali pasipotikisika, hutoa sauti kubwa kwa umeme mchache. Kisha itazame redio. Amplifaya iwe ya mwisho, tena baada ya dainamo kubadilishwa.

Ama kelele za injini, zingali pale pale. Fundi asikiapo mluzi upandao na kushuka pamoja na mwendo wa injini, asiilaumu redio upesi. Na asafishe kutu mahali waya unapoungwa na bati, na aupitishe waya wa spika mbali na waya wa umeme. Wavering na wenzake hawakuwa na dawa nyingine zaidi ya uvumilivu.

Lakini kizuizi cha nafasi ndicho kinachonihuzunisha zaidi. Redio za leo hufuata kipimo kilichotoka Ujerumani: upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. Dashibodi ya pikapu ya zamani ina tundu mbili za vifundo na mwanya mdogo kati yake. Fundi mwenye haraka huchukua msumeno akaikata. Kwa dakika tano huharibu bati lililodumu miaka 60, wala halitapatikana jingine. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Msumeno si wa lazima. Zauzwa redio mpya zenye umbo la kale, vifundo viwili na kioo katikati, na ndani yake mna kila kitu cha leo. Au redio mpya yaweza kufichwa chini ya kiti, kama vile Wajerumani walivyoificha ile yao mwaka 1932, na ile ya zamani ikaachwa mahali pake. Redio ile ni hati ya historia. Vituo vilivyoandikwa juu ya kioo chake, alama ya kiwanda chake, hata vumbi lake, vyaeleza watu walisikiliza nini na walilipa nini. Hati haichanwi ili kupata mahali pa kuandikia.

Jambo la mwisho lahusu masikio. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila ya kudhurika. Ikifika desibeli 90, saa hizo zapungua mpaka 4. Chumba cha pikapu ni kidogo, na bati la nyuma hurudisha sauti kisogoni. Kusikia kukisha kupotea kwa njia hii hakurudi. Kenya nayo ina kanuni za mwaka 2009 za kuzuia kelele zinazopita kiasi, kwa ajili ya jirani asiyeuomba muziki wako. Zaidi ya hayo, dereva wa gari kuukuu huliuguza kwa sikio: hutambua beringi inayolia, mkanda unaoteleza, breki inayosaga. Akijifunika kwa muziki, atapata habari ya ugonjwa siku ya maziko. Debe tupu haliachi kuvuma. Lakini gari zuri lina mambo mengi ya kumwambia mwenyewe, na yapasa lipewe nafasi ya kusema.

Basi, msomaji, ikiwa siku moja utashika bisibisi ukaingia chini ya dashibodi ya pikapu iliyokuzidi umri, usiione kuwa takataka inayongoja kung'olewa. Tafuta mwaka wake. Tazama betri yake imeungwaje. Piga hesabu ya umeme wake kwa kalamu kabla ya kuipiga kwa fedha. Kila utakachokitoa, kifunge katika karatasi, uandike jina lake, ukiweke. Kazi hiyo itakuchukua siku mbili badala ya saa mbili, na mwenye gari huenda akanung'unika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chini ya dashibodi hakuna njia nyingine ya kufanya kazi ila kuinama. Ukishamaliza, washa injini kwanza, uisikilize. Kisha ndipo ufungue redio.